Nyumba Isiyoitika

Mkate wa mwisho ulikuwa wa Bibi Zlata. Kila Jumapili alasiri Ognyan alimalizia mzunguko wake hapo Stari Dol, kijiji kilichojibanza chini ya milima ya Balkani, ambako zamani moshi ulitoka kwenye nyumba mia mbili na sasa walibaki watu watatu. Aliegesha gari la mikate mbele ya lango, akamkabidhi bibi mikate yake miwili, akamwuliza habari za mgongo na kusikiliza jibu lote mpaka mwisho, maana wiki nzima bibi huyo hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Kisha akarudi garini kumwamsha dada yake.

Bilyana alikuwa amelala mdomo wazi, shavu limegandamana na kioo. Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya mjini, na wodi ile ilikuwa na wahudumu wawili badala ya watano. Jumapili ndiyo siku yake pekee ya mapumziko, naye aliitumia kuzunguka na kaka yake vijijini. Watu walimshangaa. Yeye alisema anapenda nyumba zilizohamwa kwa sababu humo hakuna anayemwita jina.

"Amka, mama. Tumefika."

"Ipi leo?"

"Ile ng'ambo. Nimeipigia jicho tangu masika."

Bilyana akapangusa mate, akaitazama. "Kaka, ukiona gofu macho yanakung'aa kuliko ulivyokuwa ukimtazama mkeo."

"Ndiyo maana aliondoka."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, wakavuka barabara.

Ognyan alikuwa na ugonjwa huo kwa miaka kumi: kuingia nyumba zilizoachwa na kuzipiga picha. Hakuiba kitu, hata kijiko. Ila alikuwa na miiko yake, na mwiko wa kwanza ulikuwa kuhakikisha kwamba nyumba imeachwa kweli. Miaka minne nyuma, huko Kosten, aliingia nyumba aliyodhani ni tupu, akafungua mlango wa chumba na kumkuta mzee kitandani, mifupa na ngozi, macho wazi. Mzee akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nimeshakufa?" Jambo lile lilimwandama. Tangu siku hiyo hakuingia popote bila kupima.

Kwa hiyo alianza kupima. Mlangoni palikuwa na karatasi ya msiba, zile zinazobandikwa mtu akifa, zenye picha yake na jina lake, kisha hubandikwa nyingine siku ya arobaini na tena kila mwaka. Hii ilikuwa imepauka hata sura ya marehemu haikuonekana. Karatasi ikiwa mpya, kuna anayekumbuka, na anayekumbuka ana ufunguo. Mzabibu wa uani haukuwa umepogolewa kwa misimu mitatu. Mita ya umeme ilikuwa imeng'olewa. Upupu ulikuwa umeota mpaka kizingitini, na buibui alikuwa amejenga ndani ya tundu la kitasa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebonyea, na paa lilikuwa limeinama katikati.

Akapiga hodi. Akasubiri muda wa kuvuta sigara nusu. Akapiga tena. Ya tatu akaita kabisa, "Wenyewe mpo?"

Kimya. Si kimya cha nyumba iliyolala. Nyumba iliyolala hugugumia, mbao zinajinyoosha, panya wanakimbia. Humu hapakuwa na hata panya.

"Hakuna mtu, kaka. Hebu tuingie, miguu inaniuma."

"Bado uzi."

Uzi ndio ulikuwa kipimo chake cha mwisho. Kila mara alitandaza uzi mweusi mlangoni, mmoja magotini na mwingine kifuani, ncha akazichomeka ukutani, kisha akaondoka. Wiki iliyofuata, uzi ukiwa mzima, aliingia. Ukiwa umekatika, aligeuza gari.

Upepo ulikuwa unapeperusha uzi, basi akamwambia Bilyana aukanyage ncha moja kwa kisigino. Jua la jioni lilimpiga dada yake mgongoni, na kivuli chake kikalala kirefu juu ya mawe meupe ya uani, kuelekea mlangoni. Mawe yale yalimwumiza Ognyan macho kwa kung'aa. Akauvuta uzi ndani ya kivuli, pale alipoweza kuuona, kutoka kisigino mpaka utosini. Kivuli kilipoishia akakata. Aliona urefu ule unatosha.

Ulitosha kabisa. Akautandaza mara mbili, na ncha zilizobaki akazisukumiza kwenye ufa wa ukuta wa udongo, akaziba kwa tope alilolilowesha kwa mate.

Upande wa pili wa barabara, pazia la Bibi Zlata lilitikisika. Ognyan akampungia mkono.

Wiki ile Bilyana alilala. Alitoka kazini akalala na viatu, akaamka kwenda kazini, akalala amesimama mbele ya kabati la dawa. Jumapili iliyofuata Ognyan alisema abaki nyumbani, lakini alishajikokota mpaka garini mwenyewe. "Nataka tu kufika kule," alisema, akafumba macho.

Walipofika Stari Dol jua lilikuwa bado juu kidogo. Ognyan akamwacha amelala, akashika kamera na nondo fupi ya kufungulia milango mikaidi, akavuka.

Uzi haukuwepo.

Haukuwa umekatika, maana uliokatika huacha vipande. Huu haukuacha kitu. Na ule ufa aliouziba kwa tope haukuonekana. Ukuta ulikuwa laini kutoka juu mpaka chini, umekandikwa vizuri, na ulinuka udongo mbichi.

Akainua macho. Paa lilikuwa limenyooka.

Miiko yake yote ilimwambia ageuke. Lakini upupu wa kizingitini ulikuwa umesimama vilevile, hakuna hata shina lililokanyagwa, na buibui alikuwa bado ndani ya kitasa. Mtu gani anakarabati nyumba bila kuingia? Akapiga moyo konde, akasukuma mlango.

Ndani mlikuwa na joto.

Jiko la chuma lilikuwa baridi, alilishika kwa mkono. Joto lilitoka kwenye kuta. Vumbi la sakafuni lilikuwa zima, halina alama ya unyayo. Akapita sebuleni polepole, akisikiliza. Kulikuwa na sauti sasa... ndogo... ikija na kuondoka. Akadhani ni upepo. Upepo haupumziki kila baada ya sekunde nne.

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda cha mbao na godoro la majani makavu. Hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea katikati, umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa. Akaweka kiganja kwenye lile bonde.

Lilikuwa na joto la mwili.

Na harufu... Akainama. Sabuni kali ya hospitali, ile ambayo haitoki mikononi hata ukinawa mara mia. Aliijua. Alikuwa ameivuta njia nzima ndani ya gari.

Alitoka mbio, akafunga mlango nyuma yake. Pale mlangoni woga ukageuka hasira, akaona kwamba uzi wake umo ndani ya ule ukuta na yeye ataung'oa. Akainua nondo, akapiga pale palipokuwa na ufa. Mara moja, kwa nguvu zote.

Ukuta haukumeguka.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya gari, Bilyana alipiga yowe.

Alimkuta amejikunja kitini, ameshika ubavu. Alipomfunua shati aliona alama nyekundu, pana kama nondo, ikianza kuvimba. "Nani amenipiga, kaka?" aliuliza. Kabla hajajibiwa alikuwa ameshalala tena.

Bibi Zlata alikuwa amesimama langoni kwake na shali kichwani. Alimwita kwa kidole.

"Mwanangu, usiupige tena ukuta ule."

"Bibi, nyumba ile ina nini?"

"Haikuwa na kitu. Hilo ndilo balaa lenyewe." Alinong'ona, ingawa kijiji kizima hakikuwa na masikio ya kuwasikia. "Mafundi wa zamani hawakujenga kwa mawe matupu. Walimpima mtu kivuli kwa uzi, yeye asijue, uzi wakauzika ukutani. Arobaini ikifika, mtu anakufa. Anabaki nyumbani mle, anashikilia kuta. Tunamwita talasamu. Nyumba yenye talasamu haianguki."

"Na ile?"

"Wa mle alichoka. Nao huchoka, unadhani hawachoki? Miaka mitatu sasa. Niliisikia nyumba ikinyamaza, kisha ukuta wa nyuma ukaanza kuinama. Ulipopiga hodi usijibiwe, ukafurahi. Ungejibiwa, ungeondoka salama. Nyumba yenye mtu wake haina haja na wako."

Ognyan akageuka kuutazama ule ukuta. "Uliniona nikivuta uzi."

"Niliona."

"Mbona hukupiga kelele?"

Bibi akatazama chini. "Nilidhani macho yangu yananidanganya. Halafu nikasema, watoto wa mjini, watakuwa wanapima kitu chao. Mimi mzee, mwanangu. Kusimama tu kunanichukua robo saa." Akajifuta pua kwa ncha ya shali. "Nisamehe."

"Anatolewaje?"

"Hatoki mpaka mwingine aingie. Jua la jioni, mlango uleule, kabla ya arobaini." Kisha akainua kichwa ghafla. "Na usinitazame hivyo! Kivuli changu kimebaki cha kuku. Nyumba haikitaki."

Kweli alikuwa amemtazama hivyo. Aliona haya, akaondoka bila kuaga.

Madaktari walimpima Bilyana damu, wakampiga picha za kifua na kichwa. Kila kitu kilikuwa safi. Wakasema ni uchovu, wakamwandikia apumzike, ushauri ambao angeupata bure kwa mtu yeyote aliyemtazama usoni. Akalala saa kumi na nane kwa siku, kisha ishirini. Ognyan alimlisha supu kwa kijiko kati ya usingizi na usingizi. Jambo lililomtia hofu zaidi ni kwamba dada yake alikuwa akitabasamu. Hakuwahi kumwona akitabasamu hivyo tangu mama yao alipofariki.

Na jua halikutoka. Novemba ile ukungu ulishuka kutoka milimani, ukakaa. Siku ya ishirini. Siku ya ishirini na sita. Kila alasiri Ognyan aliendesha mpaka Stari Dol, akaegesha, akasubiri mpaka giza likaingia, akarudi. Alisinzia kwenye usukani. Mikate ya watu ilikauka nyuma ya gari, tajiri wake alimpigia simu akamtukana, naye hakuwa na nguvu hata ya kukata simu. Siku ya thelathini. Siku ya thelathini na tatu Bilyana hakuamka kabisa kunywa supu.

Alikuwa ameshaamua. Hakulifikiria sana, au labda alikuwa amechoka mno kulifikiria. Yeye ndiye aliyeukata uzi. Bilyana alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni kwenda shule theluji ilipozidi magoti. Hapakuwa na mtu mwingine ambaye angemwingiza, kisha yeye mwenyewe akaweza kuishi na jambo hilo.

Siku ya thelathini na saba, saa tisa na nusu alasiri, ukungu ulipasuka.

Aliendesha kama mwendawazimu. Alipofika jua lilikuwa limebakiza kama kiganja kimoja juu ya kilima. Akamkimbilia Bibi Zlata dirishani.

"Bibi, njoo unishikie ncha. Mtu hawezi kujipima mwenyewe."

"Sishiki."

"Bibi, nakuomba."

"Mkono huu ulishika uzi mara moja," alisema bibi kizee, "nikiwa bibi harusi wa miezi miwili. Baba mkwe aliniambia, shika hapa, binti, nikashika. Sikuuliza wa nini. Arobaini ilipofika tulimzika shemeji yangu. Kijana wa miaka kumi na tisa. Nimekaa mbele ya nyumba ile miaka sitini na tisa, nikimsikiliza mpaka alipochoka." Machozi yalimtoka. "Sishiki, mwanangu. Hata ukiniua."

Hapakuwa na muda wa kubembeleza. Ognyan akaenda peke yake.

Alisimama uani, jua mgongoni. Kivuli chake kilikimbia juu ya mawe, kikapanda kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, ingawa aliufunga yeye mwenyewe, na kichwa cha kivuli kiliingia mle na kupotelea kwenye giza. Akakanyaga ncha ya uzi kwa kisigino, akabingirisha kidonge cha uzi mbele. Kikagonga jiwe, kikasimama. Akakirudisha. Akajaribu tena, upepo ukauchukua uzi pembeni. Jua lilikuwa linagusa kilima. Mara ya tatu akakitupa kwa hasira moja kwa moja mlangoni.

Kikaingia gizani. Akakisikia kikibingirika juu ya mbao... trrr... trrr... kisha kikanyamaza.

Uzi ulilala chini, umelegea.

Akasubiri.

Uzi ukakazwa.

Kuna mtu alikuwa ameshika ncha ya pili. Aliuvuta kwa upole, mpaka uzi ukanyooka toka kisigino chake hadi ndani ya giza, sawasawa juu ya kivuli.

"Kaka."

Ilikuwa sauti ya Bilyana, nzito kwa usingizi. Mwili wa Bilyana ulikuwa mjini, kilomita hamsini kutoka pale, na jirani akimlinda.

"Nipo," alinong'ona.

"Umekuja kufanya nini?"

"Shika hapohapo. Hapo kichwani. Usisogee."

"Si lazima, kaka. Kumetulia huku. Mbao tu ndizo nzito kidogo."

"Bili, kata uzi."

Jua likawa nusu, likawa ukucha.

"Kaka... naomba niache."

"Kata!" Sauti ilimpasuka, akaanza kulia kama mtoto. "Kata, nakuomba, mimi nitafanya nini peke yangu? Kata!"

Bilyana tangu utoto hakupenda mkasi. Alikata uzi kwa meno, na mama yao alimgombeza mpaka alipochoka.

Mle gizani, Ognyan akasikia meno yakigongana.

Uzi ukalegea chini ya kisigino chake. Akauvuta wote, akaukunja, akaenda kwenye ukuta. Ufa ulikuwa umefunguka tena, mpana wa vidole viwili, wenye unyevu. Akausukumiza uzi ndani. Hakuhitaji tope. Alipotoa mkono, ufa ulikuwa umefumba.

Simu ikalia garini. Jirani alikuwa anapiga kelele kwa furaha: Bilyana ameketi, anadai chakula.

Alimkuta jikoni, amemaliza bakuli la maharage na nusu mkate. Rangi ilikuwa imemrudia. Ognyan akamkumbatia, akamshika uso, akacheka. Bilyana hakucheka. Aliuondoa mkono wa kaka yake taratibu, akauweka mezani.

"Nani alikutuma?"

"Bili, ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa nimelala." Alisukuma bakuli kando. "Miaka kumi na moja, kaka. Kumi na moja sijalala usiku mzima. Nikafunga macho na hakuna aliyenigongea kengele, hakuna aliyejisaidia kitandani, hakuna aliyekufa zamu yangu. Nilikuwa nashikilia ukuta tu. Kazi moja! Umewahi kuwa na kazi moja?" Akalaza kichwa mezani, akalia. "Kesho zamu saa kumi na mbili. Wameshanipigia."

Alilia mpaka akamaliza, akaosha bakuli, akapiga pasi sare yake. Hawakuzungumzia tena jambo lile. Wala hakuuliza ni nani aliyebaki kule badala yake. Ognyan alifikiri labda anajua, na kwamba anamwonea wivu.

Theluji ilianguka mapema mwaka ule. Jumapili moja alasiri Ognyan alisimamisha gari mbele ya lango la Bibi Zlata, akashuka kwa kujishikilia mlango, akampa mikate yake miwili kupitia dirishani. Hakumwuliza habari za mgongo, na bibi hakuzitoa. Ng'ambo, mapaa yote ya kijiji yalikuwa meupe isipokuwa moja, ambalo theluji haikukaa.

"Siku ya ngapi leo?" aliuliza bibi.

"Ya kumi na tisa."

"Unaogopa, mwanangu?"

Ognyan alitaka kusema ndiyo, maana ndivyo mtu anavyopaswa kusema. Alijitafuta woga ndani yake, mahali pote ambapo woga hukaa. Usiku uliopita alikuwa ameota godoro la majani, na alipoamka alikasirika kwa kuamka.

"Zimebaki ishirini na moja tu," alisema.

Sauti ilimtoka kama ya mtu anayehesabu siku za kuanza likizo. Aliisikia mwenyewe, na hapo ndipo nywele zilipomsimama. Bibi Zlata pia alikuwa ameisikia. Alipiga ishara ya msalaba, akachukua mikate yake, akafunga dirisha.